Msiba wa Kisinga

Nimeendesha magari ya watu katika miji mingi tangu nilipoondoka Kasese, na kila ninapochoka na mji naota barabara ile ile ya kwenda Bwera: milima mkono wa kulia, tambarare ya nyati mkono wa kushoto, vumbi likitufuata nyuma. Naikumbuka kwa mapenzi, ingawa sidhani niliwahi kuiendesha siku moja bila hofu.

Miaka ya sabini nilikuwa naendesha Pijo nyeupe, teksi ya mwenye duka mmoja wa Kasese. Nilikuwa nimemaliza sekondari, kazi ya ofisi sikuipata, na usukani ukanipokea. Askari walikuwa ndio serikali. Vizuizi vyao vilihamahama. Asubuhi viko Kikorongo, jioni viko Nyakatonzi. Wakitaka gari walilichukua, na dereva aliyebisha walimchukua pamoja nalo. Kwa hiyo sisi madereva tulikuwa na lugha yetu ya mikono. Ukipishana na mwenzako akapunga kiganja, njia ni safi. Akigonga kifua, kuna kizuizi, tayarisha karatasi. Akiweka mkono kichwani kama mtu aliyefiwa, geuza gari hapo hapo, kwa maana mbele wanachukua magari.

Tena tulitambuana kwa magari, si kwa nyuso. Jua likipiga kioo chenye vumbi humwoni mtu aliye ndani.

Siku hiyo nilipita kizuizi cha Kikorongo kwa bahati tu. Walikuwa wanahangaika kuchukua pikapu ya mtu, wakanipungia nipite. Nyuma nilikuwa na mama mmoja mfanyabiashara, Mkongo wa Butembo, na kapu lake la samaki wakavu wa Kahendero. Mbele alikaa mzee mkulima wa kahawa kutoka Kyarumba. Tulipoiacha Nyakatonzi nikaona Pijo ya kijani inakuja, ile yenye taa moja iliyovunjika. Ilikuwa ya rafiki yangu, niliyeegesha naye kila asubuhi kwenye steji ya teksi. Nikaweka mkono kichwani.

Gari lilipopita ubavuni nikaona kofia za jeshi.

"Wanageuza," alisema mzee, akiangalia nyuma.

"Banageuza juu ya nini?" aliuliza mama.

Walitupita, wakaziba njia. Askari mmoja mrefu akashuka, wengine wakabaki garini.

"Zima. Toka. Wote."

Tulitoka.

"Mkono kwa kichwa ni maneno gani? Unaambia nani? Iko watu ndani ya pori?"

"Hapana, afande. Nina msiba."

Neno lilitoka lenyewe. Hata mimi lilinishtua.

"Nani amekufa?"

Nilikuwa bado natafuta mtu wa kumuua nilipomsikia yule mama nyuma yangu. Aliweka kapu chini, akatia mikono yote miwili kichwani, akapiga yowe ambalo sijalisikia tena.

"Mutoto wangu! Mutoto wangu wa pekee!"

Mzee akavua kofia yake pole pole. "Ni mtoto wake, afande. Tunakwenda kuzika."

"Wapi?"

"Kisinga."

Askari alicheka. "Sawa. Na mimi nakwenda kuzika na nyinyi. Kama maiti hakuna, maiti ni nyinyi."

Akakaa mbele, bunduki katikati ya magoti. Mzee akaenda nyuma. Pijo ya kijani ikatufuata, na kila nilipotazama kioo nilimtafuta rafiki yangu kati ya zile kofia. Hakuwemo. Nilitaka kuuliza yuko wapi, lakini swali kama hilo lingenifanya nimfuate.

Mama aliendelea kulia njia nzima. Alilia kwa lugha yake ya Butembo, ambayo sisi wa milimani tunaosema Kikonzo twaisikia vizuri, na askari alikuwa mtu wa mbali, haielewi. Ilinichukua muda kutambua kwamba ndani ya kilio chake ananiongoza.

"Mwanangu, usisimame hapa, hapa kuna wanaume tu," aliimba akilia. "Mwanangu, kata kulia. Panda, mwanangu. Natafuta wanawake wengi, mwanangu, Mungu anionyeshe."

Pale Kisinga hakumjua mtu hata mmoja.

Tulipanda kijia cha mawe mpaka kwenye boma moja ambapo wanawake walikuwa wanachambua kahawa juu ya mikeka. Alifungua mlango kabla sijasimama. Akaenda kwao mikono kichwani, akilia.

Kwetu anayeingia analia haulizwi. Kwanza unakipokea kilio. Aliyekufa ni nani utaambiwa baadaye, mgeni akishakaa. Wale wanawake waliinuka, nyungo zikamwagika, mikono ikapanda vichwani, na boma zima likalia. Boma la juu likaitika. Watu wakaanza kushuka kwenye vijia, wengine na majembe begani.

Askari alisimama kando ya gari. Mtu alimletea kigoda, hakukaa. Aliutazama mlango wa nyumba, na mimi nikautazama, kana kwamba kweli ndani kuna aliyelazwa. Akapiga hatua kuuelekea. Bibi mwenye boma akasimama mlangoni, akamlilia usoni kabisa, machozi na makamasi, bila kumpisha.

Nilihesabu kwamba maisha yangu yameishia kwenye mlango ule.

Askari akavua kofia. "Poleni," alisema. Akageuka, akaingia kwenye gari la rafiki yangu, wakashuka kilima.

Kilio kilipungua kidogo kidogo. Bibi alijifuta kwa shuka, akamgeukia mama wa Butembo.

"Haya, mwanangu. Ni nani?"

"Hakuna mutu, mama. Ni huyu dereva, alikuwa karibu kufa."

Wachache walicheka. Bibi hakucheka.

"Mmeleta kilio kwangu bila maiti? Mnajua mnaita nini?"

Mzee wa Kyarumba aliomba radhi kwa adabu zote za Kikonzo. Lakini mwanamke mmoja kijana alikuwa bado amelala kifudifudi juu ya kahawa, mabega yakimtikisika. Mumewe alipeleka magunia Kasese msimu uliopita, wenzake wakasema, na hajarudi. Hakuna aliyemwambia anyamaze.

Bibi alinigeukia. "Lile gari la kijani. Mwenyewe yuko wapi?"

"Sijui."

"Ulimjua?"

"Ni rafiki yangu."

Akawaambia wanawake walete kuni, wawashe moto uani kama inavyofanywa penye msiba. Nilielewa anachotaka, kilio kile kipate maiti wake, awe rafiki yangu. Nikasimama.

"Hajafa," nilisema. Nikarudia kwa sauti kubwa, "Hajafa, bibi."

Niliogopa pale kuliko nilivyoogopa mbele ya bunduki. Niliona kwamba tukimlilia tutakuwa tumemmaliza sisi wenyewe.

"Sawa," alisema bibi. "Hajafa. Kaa chini."

Mama wa Butembo alisogeza kapu lake, akanipa nafasi kwenye mkeka. Nikakaa.