Siku Tusiyowasha Jiko

Nyinyi mliokua wakati redio ilikuwa ya baba na mtoto haruhusiwi kuigusa, njooni tukumbushane. Watoto wa leo bando ikiisha saa moja tu wanasema wanateseka. Wee! Sisi tulicheza kati, tukikwepa mpira wa makaratasi ya nailoni mpaka giza likatuingilia, na aliyetuita nyumbani alikuja na mwiko mkononi.

Kijiji chetu kilikatwa katikati na barabara ya murram, udongo mwekundu. Sisi tulikaa upande wa chini, wenzetu wa kabila jingine wakakaa juu. Kulala, kila mtu alilala kwao. Kula tulikula popote njaa ilipotukuta. Huko juu tulipewa maziwa ya kibuyu yaliyochanganywa na mkaa, machachu kidogo, unakunywa mdomo unabaki mweusi. Wakishuka kwetu walijaziwa mukimo, viazi na mahindi ya kupondwa, hadi washindwe kukimbia. Shuleni tulikuwa na foleni moja ya uji, na aliyechelewa alikuta ukoko, awe wa juu au wa chini.

Halafu vita vikaja. Redioni waliita ghasia, lakini sisi tuliokuwepo tunasema vita. Huku chini nyumba zilichomwa zote. Kule juu vijana waliuawa na ng'ombe wakaswagwa. Tulipotoka kambini tulikokimbilia na kurudi, madawati ya shule yalikuwa yamegawanyika bila mwalimu kusema neno. Tangu hapo, kila mwaka siku ile ya kuchomwa ikifika, akina mama wa chini hawawashi jiko mpaka jua litue. Tunashinda na viazi vitamu baridi vya jana. Mama alikuwa akisema, "Moto umekula vya kutosha hapa." Nikimuuliza wa juu wao wanafanya nini, nafinywa sikio. "Usiniletee habari za wale watu." Nikakua nikijua machozi ya upande mmoja tu, na wala sikujua kwamba kuna mengine.

Maisha yakanileta Saudia. Nilianzia Al-Naseem, Riyadh, nikilea watoto wa madam mmoja. Mkataba ulipoisha nikapata kafili mwingine, yaani mdhamini wa kazi, Jeddah, kazi ya usafi, na chumba mtaa wa Bani Malik ninachokaa na Mkenya mwenzangu, Cheptoo. Tulikuwa tumezoeana kama watu wanaogombania ndoo ya kuogea, basi. Nyumbani kwake nilijua ni Rift Valley, na Rift Valley ni kubwa.

Mwaka huu siku ile iliangukia Ijumaa, siku yetu ya mapumziko. Cheptoo akaamka anatafuta chai.

"Leo mafi gesi?" akauliza kwa Kiarabu chetu cha kazini, kwamba gesi hakuna.

Nikamwambia gesi ipo, ila kwetu leo hatuwashi moto, nikamweleza kwa nini. Akaiweka sufuria chini.

"Siku hiyo sisi tunaacha zizi wazi kutwa," akasema. "Kwa ng'ombe walioenda. Na kwa kaka yangu."

Tukatajiana mto, shule, kanisa. Haki ya Mungu, kijiji ni kimoja! Shuleni hatukukutana, yeye alianza mimi nimeshamaliza. Tulikaa tukitazamana, kila mmoja akimwona mwenzake kwa mara ya kwanza. Siku ile ile, kila mwaka, watu wa juu nao walikuwa wanalia, na mimi sikuwahi kuambiwa.

Mchana huo huo binti yangu Shiru, anayelelewa na mama kijijini, akanipigia akilalamika. Shosho, bibi yake, amemkataza kukaa dawati moja na rafiki yake Chemutai, kwa sababu ni wa juu. Nikasema hapana, hii chuki haitapita kwangu iende kwa mtoto wangu. Nikaomba nipewe mama.

"Mama, nakaa na msichana wa juu. Nataka Shiru aambiwe yetu na yao pia."

"Wewe ulikuwa mtoto. Hukujua kitu," akanijibu. "Ukianza hayo, usinipigie tena."

"Nitapiga kesho, mama. Na kesho kutwa."

Nikapiga kweli. Kila nikitoka kazini napiga, ananikatia, napiga tena. Cheptoo akaniambia, "Halas, achana naye, ni mzee." Nikamwambia ni mama yangu, ukaidi huu niliurithi kwake.

Ijumaa nyingine akapokea. Hata salamu hakutoa.

"Huyo unayekaa naye, mama yake ni nani?"

Nikamtajia.

"Ndiye aliyefiwa na kifungua mimba wake pale kwenye mashine ya kusaga?"

"Ndiye."

"Yule kijana nilimjua. Alikuwa akinibebea gunia la unga mpaka mlangoni, na hataki hata asante." Nikamsikia akivuta pumzi. "Sikuenda kwao matangani. Mpe huyo msichana simu."

Cheptoo alifuta mikono kwenye dera lake, akaipokea. Nikasikia sauti ya mama, ndogo, ikisema, "Pole, mwanangu. Pole kwa kaka yako." Cheptoo, ambaye sijawahi kumwona akilia hata bosi anapomfokea, akakaa chini sakafuni akalia kama mtoto. Mimi pia sikuweza kujizuia.

Enzi zetu, kabla ya vita, mtu akifiwa majirani walijaa uani kabla jua halijatua, na wa juu na wa chini walikalia viti vile vile. Vijana wa leo wanatuma picha ya mikono iliyofumbatana wanaona wamezika. Lakini nitawachekaje? Pole ya mama yangu imekawia mpaka mimi nimekuwa mzazi, ikasafiri mpaka Jeddah, na ukisimama mlangoni kwetu kijijini, nyumba ya kina Cheptoo unaiona.