Kijiti cha Umuvumu

Shafii, fundi wa nguo wa mtaa wa Yoba, mjini Gitega, hakuwa mtu wa kupenda miti. Kwake mti ulikuwa kivuli au kuni, basi. Amisa ndiye aliyemharibu.

Amisa aliikimbia vita huko Muyinga mwaka wa tisini na nne, akafikia kwa shangazi yake hapo Yoba, na mwaka haujageuka Shafii akawa amemwoa. Alimpenda bila aibu. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Jambo moja tu lilimkosesha raha: mkewe alikataa katakata kupanda kitu uani, hata mboga ya lengalenga.

"Mi napanda kwetu tu," alisema. "Hapa mi ni mpita njia."

Neno hilo lilimchoma Shafii, maana mpita njia huondoka.

Kila Jumapili, kama risasi hazikusikika, alimpeleka kwenye bustani ya miti ya asili, nje kidogo ya mji. Humo Amisa alichangamka, akaisalimia miti kama majirani waliopotezana.

"We Shafii, ona umurinzi! Maua yake iko nyekundu kama ya kwetu. Na hii umuravumba, mama alikuwa anatuchemshia tukipata homa."

Shafii alinusa jani, akapiga chafya, wakacheka sana. Lakini kila mti mkewe aliousifu ulimtia hofu: siku njia ya Muyinga itakapofunguka, nani atamzuia?

Jumapili moja Amisa akaomba kijiti cha umuvumu kwa mtunza bustani. Shafii nusura aruke kwa furaha. Tangu enzi za mababu, kijiti cha umuvumu huchomekwa pale mtu anapoanzisha boma lake, kikaota, nalo boma likasimama. Basi mkewe ameamua kukaa! Walipofika nyumbani alikimbilia jembe, akachimba shimo katikati ya ua huku akiimba, jasho likimtiririka.

Alipoinua kichwa, Amisa alikuwa ameshakichomeka kijiti kwenye kopo la mafuta lililojaa udongo.

"Itabaki humu," akasema. "Barabara ikipona, inaenda Muyinga."

Shafii aliegemea jembe.

"Na mi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Amisa alimtazama kama mtu anayetazama mtoto aliyevaa shati nje ndani.

"Wallahi, we Shafii! Mti mi nitabeba. Cherehani yako, unazani nani atabeba?"