Kiingereza cha Kesho

Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, basi. Leo nina nyumba ya bati na ng'ombe, na sikumwibia mtu. Lakini mwaka tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, pale Nyambureti, sikuwa na kitu. Mashamba yalibaki kule tulikotoka, mvua ikakataa, mama akawa anachemsha majani ya porini na kuwagawia wadogo zangu. Yeye alisema ameshiba. Mashavu yake yalisema vingine.

Nikasikia hoteli ya watalii hifadhini inatafuta mbeba mizigo anayejua Kiingereza. Nikaenda Susuni kwa mjomba, ambaye aliwahi kuwapikia Wazungu Kenya. Alinifundisha tukilima, yeye mbele anaongoza maksai, mimi nyuma nimeshika plau. Mambo ya jana niliyashika upesi. Ya kesho yalinitesa. Kiswahili kinasema "nitafanya", kimemaliza. Wenzetu wana milango mingi.

"Mgeni kaangusha begi, umeamua papo hapo kumwokotea. Unasemaje?"

"I am going to..."

"Punda wewe! Ulikuwa umepanga aliangushe? Hapo ni 'will'. Na lile wingu jeusi?"

"Will."

"Mvua unaiona inakuja, mpwa wangu! Hapo ni 'going to'. Na jambo uliloamua zamani, vilevile. Hicho kichwa dada yangu alikizaa cha kubebea kuni?"

Nililia nyuma ya plau. Yeye hakugeuka, ninamshukuru. Nikarudia mpaka ikakaa.

Siku ya usaili, meneja, Mswahili mwenye tai, akauliza ya begi, nikajibu. Akauliza safari za wageni, nikajibu. Kisha akauliza, kwa Kiingereza chake kilichonyooka, mshahara wa kwanza nitaufanyia nini.

Kwetu anayetoka kutafuta kitu hakitaji. Wawindaji wakichukua mishale, husema wanakwenda kuangalia kuni. Ukiitaja nyama, imeshakimbia. Na huyu anataka niyataje mahindi ya mama wakati hata kazi sijapewa! Maneno ninayo, yamejipanga vizuri kabisa, na mdomo unakataa.

"Hujui," meneja akasema kwa Kiswahili. "Niitie anayefuata."

Nikafika mlangoni. Nyuma ya mlango ule kulikuwa na njia ya kurudi nyumbani mikono mitupu, na mama anayesema ameshiba. Kama mahindi ni ya kukimbia, yameshakimbia tayari, nikajiambia. Nikageuka.

"I am going to buy maize," nikasema. "My mother is eating leaves."

Akaweka kalamu chini. Akaniuliza kwa nini sikusema mapema. Nikamweleza habari za wawindaji. Hakucheka.

"Utaanza Jumatatu. Mshahara mwisho wa mwezi."

Mwisho wa mwezi! Kiingereza kikaniishia, nikarudi kwenye Kiswahili. "Mzee, nitaanza leo. Lakini unga nipe leo. Mwisho wa mwezi utanilipa nimzike nani?"

Wale waliokuwa wakisubiri nje wakaguna. Mmoja akasema, "Huyu Mkurya ana wazimu." Meneja akamwita mtu wa stoo.

Nilijitwika mfuko wa unga kichwani mpaka kijijini. Mama aliuona, akaugusa, hakuuliza ulikotoka wala hakunipa asante. Alimwaga majani yaliyokuwa chunguni, akaosha chungu, akawasha moto upya.