Kisu cha Mwanangu Kinamtoa Mama Mkwe Nyumbani

Kwa masikitiko makubwa nautangazia umma kwamba mkasi wa kukatia kucha wa nyumba yetu, hapa Njinjo, umewekwa chini ya ulinzi tangu jana jioni. Upo kwenye sanduku langu la nguo pamoja na visu vya jikoni, panga na nyembe za mume wangu. Admin, nifiche jina tafadhali, huku kijijini wote tunakusoma.

Nina miaka thelathini na minne. Nalima ufuta na korosho, asubuhi nauza vitumbua. Mume wangu anauza vifaa vya simu Lindi mjini, huja mara moja moja. Naishi na mama yake mzazi na binti yangu wa miaka tisa, tumwite Zuhura.

Kwao mama mkwe, mtoto akiweza kwenda shamba na kurudi kwa miguu yake bila kulia, hupewa kisu chake kidogo cha kukunja. Mume wangu alipewa, na dada zake pia. Msimu huu wa korosho Zuhura alikwenda akarudi, na kesho yake nikamkuta anamenya muhogo kwa kisu kipya, bibi yake anamtazama kama mtoto aliyehitimu madrasa. Niliogopa, lakini nikanyamaza.

Juzi Zuhura alikuwa anakata embe bichi na Idi, mtoto wa jirani. Idi akataka kukata yeye, wakagombania kisu, akajikata kidole. Tukakifunga kitambaa, akamalizia embe lake. Mama Idi akakipiga picha kile kidole, akairusha kwenye grupu la wazazi, kidole kimevutwa karibu mpaka kinaonekana kama goti. Kisha akaja uani kwangu.

"Mama Zuhura, mnafuga jambazi humu ndani!"

Mama mkwe akamjibu palepale: "Jambazi? Wewe kwa umri huu ulikuwa unapasua kambale kwa kisu kirefu kuliko mkono wako, na hakuna aliyekupiga picha!"

Mwalimu wa Zuhura, aliyenifundisha hata mimi, naye akaniita. "Mzazi, siku hizi hii ni silaha." Nikamkumbusha kwamba ni yeye aliyekuwa akituambia tuje na visu vya kuchongea penseli. Akatazama pembeni. "Wazazi wa zamani walikuwa hawashtaki," akasema.

Picha ikamfikia mume wangu. Jana akapiga simu: "Nakuja kesho na gari la mchana. Nikimkuta mtoto na hicho kisu, namchukua, akakae kwa dada huku Lindi."

"Baba Zuhura, si hata wewe ulipewa?"

Akanijibu: "Mimi nilikuwa mtoto wa zamani."

Nikamnyang'anya Zuhura kisu. Mama mkwe hakupiga kelele, na bora angepiga. Leo alfajiri ametoka na begi lake, amelikalia mlangoni.

"Mwanangu," ameniambia, "umemwonyesha mjukuu wangu kwamba nilimpa kitu cha kuulia. Kikirudi mkononi mwake, na mimi narudi ndani. Kisiporudi, hilo gari analokuja nalo mumeo likigeuza napanda, naenda Rondo kwa mdogo wangu. Wala msinifuate."

Ndugu zangu, huyu si mama mkwe wa kusimuliwa kwa ubaya. Nilipojifungua nikaugua, ndiye aliyembeba Zuhura mgongoni mpaka nikaweza kusimama. Sasa mtoto amekaa naye pale mlangoni, chai hajaigusa. Ameniuliza, "Mama, bibi anaondoka kwa ajili yangu?" Nimejifanya naita kuku.

Nikikirudisha, baba yake anamchukua. Nikikizuia, bibi yake anaondoka, na huyu mtoto sidhani kama atakuja kunitazama tena kama zamani. Na kusema kweli, hata mimi bado nakiogopa, lakini katika nyumba hii hakuna anayeniuliza ninachoogopa mimi.

Adhuhuri imeshaadhiniwa. Nimejibanza nyuma ya jiko, kisu ninacho mkononi, natega sikio. Kila kikinguruma kitu barabarani nachungulia. Mliokwisha kuishi na wakwe, nishaurini upesi, nifanye nini kabla gari halijafika?

Kijana wa bodaboda amepita sasa hivi, ameniambia. Barabara imekatika kwa mvua, gari leo haliji.