Filamu Iliyotafsiriwa na Dereva

Yule mtoto alirudi, au hakurudi?

Katika mwaka niliokaa dukani kwa shangazi, Tunduma, nikiwa nimemaliza chuo na sijapata kazi, hakuna swali nililoulizwa kama hilo. Waliouliza walikuwa wateja waliotazama filamu moja ambayo inaisha mzee akiwa amekaa mlangoni mwa nyumba yake, punda amefungwa pembeni, na barabara mbele yao haina mtu. Nilizoea kuwa na jibu la kila kitu, na pale nilipokosa jibu nilikuwa na swali la kumrudishia aliyeniuliza. Kwa mzee yule sikuwa na chochote. Nilisema, "Sijui. Imeishia pale."

Duka lenyewe lilikuwa fremu moja kwenye mtaa unaotokea barabara kuu, upande wa kushoto chumba cha gemu, upande wa kulia fundi simu. Mtu alikuja na flashi au simu yake, akataja anachotaka, shangazi akamwingizia muvi kutoka kwenye kompyuta. Biashara iliishia hapo. Shangazi, dada yake baba, aliianza baada ya kuondoka Ndalambo, na alikuwa na kanuni moja aliyonipa siku ya kwanza: "Mpe mtu anachotaka. Usimfundishe."

Walichotaka kilikuwa kilekile. Hakuna aliyetaja jina la muvi. Walisema, "Nipe kama ile ya jamaa aliyekatwa mkono," au, "Nipe nyingine ya yule mwenye upara," na shangazi akajua. Walitaka steringi, yule shujaa wa muvi, asiyekufa, adui anayejulikana mapema, na zaidi ya yote walitaka sauti moja. Ilikuwa sauti ya mtafsiri wa Dar es Salaam, mmoja wa wale wanaosimulia muvi za nje kwa Kiswahili juu ya picha, wakichanganya maneno ya wahusika na utani wao wenyewe. Watu wa Momba wasiowahi kumwona waliicheka sauti yake kabla hajamaliza sentensi. Hata vijana wa chumba cha gemu, ambao kila siku walichagua timu ileile na kufungwa vilevile, walitoka nje tukiifungulia.

Mimi nilikuwa naona yote hayo ni uvivu. Nilimuuliza shangazi, "Kwa nini mtu alipie kitu anachokijua mpaka mwisho?"

"Wewe unakula ugali kila siku," alisema bila kugeuka. "Mbona hujauliza?"

Kisha ile sauti ikanyamaza. Hatukupata sababu. Wengine walisema ameumwa, wengine kwamba ameacha, wengine kwamba ameokoka. Tulichojua ni kwamba kazi mpya hazikuja. Wateja waliulizia, "Mpya ipo?" na shangazi akajibu kwamba bado, na wiki iliyofuata akajibu hivyohivyo. Watu wa Chitete waliokuwa wakija siku za soko na flashi za ukoo mzima walianza kupita bila kuingia. Mwenye fremu naye alikuwa amesema waziwazi: kuna mtu wa mitumba anaitaka, na yeye hana ugomvi na shangazi, ila watu wakishavuna mahindi ataangalia nani anaweza kukaa na nani hawezi.

Shangazi hakulia wala hakulalamika. Alisema jambo moja tu, siku tulipokuwa tunafunga mlango. "Nikitoka hapa narudi Ndalambo kulima kwenye shamba la baba yako mkubwa, na mke wake ananipimia chumvi. Sirudi."

Nilikuwa na folda. Siku tunaondoka hosteli, mwenzangu wa chumba aliniruhusu ninakili filamu zake, za nchi ambazo dukani kwetu hazikuwahi kutajwa. Sikuwa nimeitazama hata moja. Nilipozifungua niligundua kwamba maandishi ya chini yanayoeleza maneno yalikuwa kwenye mafaili ya pembeni, nami nilikuwa nimenakili video zenyewe tu. Hata hivyo nilimwambia shangazi kwamba ni nzuri.

"Umeziona?"

"Nimesikia."

"Hata mimi nimesikia kuna mbingu," alisema. "Zinafanana na zipi?"

"Hazifanani na zozote. Ndiyo uzuri wake."

"Basi hakuna atakayezichukua."

Njia niliyoipata ilikuwa ya sokoni. Kwetu, muuzaji akishapima mchele au dagaa, huongeza kiganja kimoja juu. Kiganja hicho tunakiita mbasela, neno lililovuka mpaka kutoka Zambia pamoja na wauzaji wake. Mnunuzi hachagui mbasela, na hairudishi. Kuirudisha ni kumwambia mtu kwamba mkono wake mchafu. Nikaanza kumwongezea kila mteja filamu moja ya ile folda, nikisema, "Hiyo ni mbasela." Shangazi alitazama, akatikisa kichwa, hakunizuia.

Hakuna aliyelalamika, na nikaamini mpango unafanya kazi. Baadaye nilielewa kwamba walikuwa wakinyamaza kwa adabu. Filamu zilikaa kwenye flashi zao kama sahani ya chakula cha mgeni ambayo hakuna anayetaka kuigusa wala kuimwaga.

Aliyeigusa wa kwanza alikuwa mama mwenye mgahawa wa karibu na foleni ya malori. Alikuwa mteja mkubwa kuliko wote, kwa sababu luninga yake haikuzimwa tangu chai ya asubuhi, na madereva wanaosubiri kuvuka walikaa kwake ikiwa na kitu cha kutazama. Mchana mmoja nilikwenda kumchukulia shangazi chakula nikamkuta amesimama katikati ya meza na rimoti mkononi. Muvi za ngumi alizokuwa nazo madereva walikuwa wamezimaliza.

"Hii ni mbasela ya yule msomi wa dukani," alisema, akinionesha kwa kidevu. "Leo mtaila hiyo."

Kwenye kioo kulikuwa na milima mikavu, mzee, na punda. Mzee alisema maneno marefu kwa lugha ambayo hakuna mtu mle ndani aliyeijua.

"Mama, weka hata ya zamani, tunasinzia," dereva mmoja alisema.

"Mbasela hairudishwi. Kula."

"Hata bastola hamna?"

"Bastola ya nini, unataka kumpiga punda?"

Watu walicheka. Ndipo dereva aliyekuwa pembeni, mtu mzima mwenye koti zito, akaweka tonge lake chini. Wote tulimfahamu kwa sura. Alikuwa Mtanzania aliyepeleka mizigo Kongo, na pale boda alibishana na wabadilisha fedha kwa Kibemba, na wenzake wa Lubumbashi kwa Kiswahili chao na Kilingala. Watu walisema hakuna lugha inayomshinda.

"Nyamazeni," alisema. "Mzee anaongea na punda. Anamwambia: wewe ndiye uliyembeba mwanangu mpaka stendi, na wewe ndiye utakayemrudisha."

"Stendi ya wapi?"

"Ya kwao. Unadhani wao hawana stendi?"

Aliendelea. Ile picha ya kijana mwenye sare ukutani, alisema, ndiyo mtoto mwenyewe, aliyekwenda kutafuta maisha akasema atarudi kabla ya mavuno. Jirani anayekuja na kukaa kimya amekuja kumshawishi mzee amuuze punda, na mzee anakataa kwa sababu mtoto akirudi atashuka na mzigo. Kila mhusika alipofungua mdomo, dereva alimsemea. Aliposema jambo la kuchekesha alitulia kidogo tucheke. Chai zilipoa. Mwisho ulipofika, mzee mlangoni na barabara tupu, yule aliyetaka bastola aliuliza kwa sauti ndogo, "Sasa amerudi, au?" Na mama wa mgahawa, ambaye kila mtu alijua kwamba mwanawe yuko Afrika Kusini na simu yake mara nyingi haipatikani, alianza kukusanya sahani.

Kufikia jioni watu walikuja dukani kuulizia "ile ya mzee na punda." Wengi walikuwa nayo tayari bila kujua. Kesho yake walirudi wakiwa wamekasirika.

"Mbona ya kwangu haisemi?" aliuliza mmoja.

"Inasema," nilijibu. "Kwa lugha yao."

"Mgahawani inasema Kiswahili."

"Yule ni dereva."

"Basi niwekee yenye dereva."

Nilicheka. Shangazi hakucheka. Alivaa kitenge chake kingine, akaenda kwenye foleni, akatembea kati ya malori akiuliza mpaka akampata. Karatasi za mzigo wake zilikuwa hazijakamilika, na alikuwa na siku za kukaa bila kazi.

Kurekodi kulitaka utulivu, na mtaa wetu hauna utulivu ila Jumapili. Shangazi, ambaye sikumbuki akikosa ibada, alikwenda ya kwanza na kurudi badala ya kubaki kwa mazoezi ya kwaya. Tulifunga mlango, tukatundika blanketi kwenye dirisha, dereva akakaa kwenye kiti cha plastiki na simu yangu mbele ya mdomo wake. Tulichosahau ni kwamba Jumapili makanisa yenyewe yana spika. Ukisikiliza nakala ile vizuri, nyuma ya milima mikavu kuna kwaya inayoimba Kiswahili na, pale mzee anapompa punda maji, sauti inawaalika akina mama kubaki kwa tangazo. Wateja waliipenda sehemu hiyo. Wengine walidhani ni ya filamu.

Katika mapumziko nilimuuliza, "Lugha hii ulijifunzia wapi, kaka?"

"Barabarani."

"Lori lako linafika huko?"

"Dada, wewe unauliza kama afisa wa uhamiaji."

"Ila mzee ameongea sentensi ndefu, na wewe umesema maneno mawili."

"Lugha yao ni ndefu," alisema. Shangazi akanipa kikombe cha chai nikinywe, ingawa sikuomba.

Alitafsiri filamu nyingine za ile folda kila alipopita kwenda au kurudi. Ilikuwapo ya mwanamke anayesafiri na jokofu, na ya wanakijiji wanaogombea zamu ya kuangalia mashine ya umeme. Hakuna ngumi hata moja. Watu wa Chitete walirudi. Kutoka Mbebe alikuja mwalimu aliyetaka "zile za taratibu", na lilikuwa ombi geni kulisikia dukani kwetu. Neno likawa aina: ngumi, mapenzi, na za taratibu. Kijana wa chumba cha gemu siku moja alichagua timu ambayo hajawahi kuichezea, akafungwa vibaya zaidi, akasema alitaka kuona tu.

Mahindi yalivunwa. Mwenye fremu alikuja, akakuta watu wamesimama mpaka kwenye ngazi, akaomba aingiziwe ile ya mzee na punda. Mtu wa mitumba alipata fremu mtaa wa pili.

Sikuweza kusema kama wateja walikuwa wamepanua ladha yao, au walikuwa wamepata tu sauti nyingine ya kuizoea. Nilimuuliza shangazi anaonaje. Alisema yeye anaona mlango uko wazi.

Dereva alibadilishiwa njia, akaanza kupita mpaka mwingine, na hatukumwona tena. Mimi nilipata kazi Mbeya. Shangazi bado yuko dukani. Wateja wengi sasa wanapakua vitu kwenye simu zao, lakini wanaotoka mbali bado huja na flashi, na ile ya mzee bado inaulizwa. Mama wa mgahawa ameitazama mara nyingi kuliko mtu yeyote ninayemjua, na kila nikienda Tunduma ananiuliza kama imetoka sehemu ya pili. Mwanawe hajarudi, ila sasa hupiga simu.

Miaka kadhaa baadaye niliwasiliana na yule mwenzangu wa hosteli kwa jambo lingine kabisa. Tulipomaliza nilimwomba yale mafaili ya maandishi niliyoyaacha. Aliyatuma siku hiyohiyo. Jumamosi mchana nikaitazama filamu nzima, kwa mara ya kwanza bila sauti ya dereva na bila kwaya.

Kijana mwenye sare kwenye picha ya ukutani ni mzee mwenyewe, alipokuwa askari. Jirani anayekuja na kukaa kimya ni mdogo wake, na wamekosana juu ya mpaka wa bustani. Yule anayesubiriwa mlangoni mwishoni ni mnunuzi wa punda, ambaye amechelewa. Maneno marefu ambayo mzee anamwambia punda pale mwanzoni ni hesabu ya majani makavu yaliyobaki ghalani.

Mzee hana mtoto.