Mwiko wa Mama Shiundu

Kalekye, mama yake Ndunge, alikuwa na maswali kuliko mtoto wa nasari. Siku za kazi alipakia sabuni kiwandani. Jumapili baada ya ibada alijifunza Kiingereza kanisani, hapo mtaani Mukuru kwa Njenga, Nairobi. Hakuna aliyemlazimisha. Alitaka tu kujua.

Jumapili moja mwaka wa tisini na sita, mwalimu Truphena aliwakataza kusema "borrow me your pen" kwa maana ya "niazime kalamu yako." Anayetoa ndiye "lend," akaeleza, anayepokea ndiye "borrow."

"Mwalimu, sisi tunasema kuazima, basi," Kalekye akauliza. "Wazungu maneno mawili ya nini?"

"Ijulikane nani anatoa, nani anaomba."

Jambo hilo likamkaa kichwani. Wiki nzima akawa anachunguza nani anatoa na nani anaomba katika ploti yao, vyumba vya kupanga vya ua mmoja. Pasi yake ya makaa ilizunguka milango yote, "lend" juu ya "lend," naye akavimba kichwa kidogo. Mlango mmoja tu haikuingia: wa Mideva, mama yake Shiundu.

Mideva alikuwa amehamia hapo kutoka Vihiga, na Kalekye alimpenda tangu siku ya kwanza. Alimpelekea jiko, akakataa. Akampelekea pasi, akakataa. Majirani wakasema ana maringo. Sasa alikuwa anatafuta chumba kwingine, na jambo hilo lilimuuma Kalekye sana.

Ndipo akajiuliza: na mimi, nimewahi kumwomba nini? Hakuna. Kila mara alikwenda mikono imejaa, kana kwamba mwenzake ni wa kuhurumiwa tu.

Jumamosi akapiga hodi mikono mitupu. "Mama Shiundu, niazime mwiko. Wangu umevunjika."

Ulikuwa mzima kabisa, Mungu amsamehe.

Mideva alimkodolea macho, kisha akaingia ndani haraka, akatoka na mwiko mpana. "Huu ndio wa ugali, dada. Si vile vijiti vyenu vya Ukambani!"

Wakacheka mpaka majirani wakachungulia.

Jioni aliurudisha. Katika ploti ile hakuna aliyerudisha kitu cha mwenzake mikono mitupu, kwa hiyo aliuambatanisha na bakuli la muthokoi, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe. Bakuli likabaki kwa Mideva.

Kesho yake, kabla ya ibada, hodi ikapigwa kwa Kalekye. Alikuwa Mideva, bakuli limejaa kunde, gauni la kanisa limekunjamana begani.

"Mama Ndunge," akasema, "hiyo pasi yako iko?"