Mama wa Bamia na Sheria ya Ndoa

Miaka ile ya Ujamaa nilikuwa karani katika maktaba moja ya sheria mjini, na mpaka leo naikumbuka kwa hamu kazi ile. Sheria zilichapwa kwa Kiingereza, lakini wabunge walizijadili kwa Kiswahili. Basi sisi makarani tulikuwa na mtindo wetu: sheria ikitushinda, tunafungua kumbukumbu za Bunge kusoma walivyobishana. Utamu ulikuwa humo. Waheshimiwa walitaniana, walikatizana, nawe unainuka umeelewa.

Nilipanga chumba Kariakoo kwa mama mmoja muuza bamia sokoni. Mumewe, fundi cherehani, akafariki ghafla. Hata matanga hayajaanuliwa, ndugu za marehemu wakamwambia asijisumbue kukaa eda. Eti hakuolewa, aliishi tu na kaka yao, afungashe aondoke. Watu haohao waliokula pilau lake kila Idi na kumwita shemeji! Nikiwakumbuka, nyongo inanipanda.

Mama alishinda barazani na khanga zake za sokoni, hajui kama ni mjane au ni nani. Iliniuma sana kumwona vile.

Kazini nikaichukua Sheria ya Ndoa, wakati huo ingali mpya. Kiingereza chake kilinizungusha, nikahamia kwenye mjadala, chakula cha mchana nikakisahau. Niliporudi kwenye sheria yenyewe, kifungu kilikuwa wazi. Mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi, na watu wakawatambua kuwa mume na mke, huchukuliwa kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Jioni nikamsimulia mama palepale barazani.

"Nyumba tutaipigania mahakamani," nikamwambia.

Nyumba hakuiulizia. "Hebu rudia hapo pa watu kututambua."

Nikarudia.

"Kwa hiyo serikali inasema mimi ni mke wake?"

"Ndiyo, mama. Anayebisha, yeye ndiye alete ushahidi."

"Sheikh je?"

"Sheikh atasema yake. Mimi nakwambia ya Bunge."

Akainuka, akaingia ndani.

Asubuhi mashemeji walikuja kudai funguo. Niliwafungulia mlango mimi. Chumbani kwa mama pazia lilikuwa limeshushwa, na sauti yake ikatoka nyuma ya pazia hilo, imetulia kabisa.

"Vueni viatu, shemeji zangu. Nimekaa eda."